Samaki wa mapambo: Fahali wawili hawakai tangi moja

Mtu anayeteremka kutoka Sumbawanga kwenda Kasanga, au kutoka Namanyere kwenda Kipili, anafika kwenye maji ambayo wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya, Marekani na Japani wanayafahamu kwa majina ya vijiji. Katika maduka yao, majina ya Kasanga, Kipili, Samazi na Ikola huandikwa kwenye matangi ya kioo kama jina la Kyela linavyotajwa kwenye gunia la mchele. Wengi wa samaki hao ni wadogo, hawazidi urefu wa kiganja. Biashara hiyo si ya jana. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa tayari akiwasafirisha samaki hai wa Ziwa Tanganyika kwenda ng'ambo kutoka Bujumbura.

Kwa hiyo si ajabu mwenye hoteli, mgahawa au nyumba ya kulala wageni mjini Sumbawanga anapofikiria kuweka tangi la kioo mapokezi, akakumbuka kwanza ziwa lililo mwendo wa kilomita zaidi ya 100 tu. Wala si ajabu kijana wa mwambao akaona humo riziki. Kufungwa kwa shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kulidhihirisha jinsi ilivyo hatari kwa kaya kutegemea dagaa na migebuka peke yake.

Hata hivyo, biashara hii ina mtego unaoweza kummaliza mwenye mtaji mdogo kabla hajauza tangi la pili. Mtego huo ni swali ambalo wengi hawaliulizi: samaki huyu akae na nani? Anayechagua samaki kwa rangi, mmoja wa njano, mmoja wa buluu, mmoja mwenye mistari, huishia kutoa mizoga kila asubuhi mpaka abaki samaki mmoja, aliyewaua wenzake.

Mbona ziwani wanakaa pamoja?

Hoja inayosikika kirahisi ni kwamba samaki hao wote wametoka ziwa moja, kwa hiyo wamezoeana. Hoja hiyo inaonekana ya busara, lakini si sahihi.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofikia mita 1,470. Ndani yake mna aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa perege, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Hawaishi wamechanganyikana ovyo. Wako wanaokaa kwenye mchanga, wako wanaokaa kwenye miamba, wako wanaoogelea katika maji ya wazi, na ndani ya kila sehemu kila mmoja ana mpaka wake. Anayevuka mpaka wa mwenzake hufukuzwa, hukimbia mita tatu au nne, na ugomvi huisha.

Katika tangi la urefu wa sentimeta 60 hakuna mita tatu za kukimbilia. Anayefukuzwa hufika kwenye kioo, hugeuka, na kukutana tena na yule yule anayemfukuza. Mchezo huo huendelea mchana kutwa hadi mapezi yamechanika na mnyonge amejibanza kwenye kona ya juu, hali chakula. Siku chache baadaye hufa, na mwenye tangi husema maji yalikuwa mabaya.

Isitoshe, hata ziwani kwenyewe amani si ya wote. Wako samaki wanaoishi kwa kung'oa magamba ya wenzao na kuyala. Mtafiti wa Kijapani Michio Hori alieleza mwaka 1993 kwamba katika aina moja ya samaki hao, Perissodus microlepis, wapo wenye mdomo uliopinda kulia na wenye uliopinda kushoto, na kila mmoja hushambulia ubavu unaolingana na mdomo wake. Kutoka ziwa moja si ujirani mwema. Wakazi wa kijiji kimoja wanafahamu hilo bila kufundishwa na samaki.

Mfano wa samaki mdogo

Ili jambo hili lieleweke, achukuliwe samaki mmoja anayefaa kabisa kwa tangi dogo: yule anayeishi ndani ya maganda matupu ya konokono, anayejulikana kitaalamu kama Lamprologus ocellatus. Dume hufikia sentimeta tano au sita, jike ni dogo zaidi. Kila mmoja huwa na ganda lake, hulifukia mchangani mpaka ubaki mdomo tu wa ganda, na humo hukimbilia anapotishwa. Jike hutaga humo humo, na vifaranga huchungulia mlangoni kama watoto wanaokatazwa kwenda barabarani. Mgeni wa hoteli anaweza kumtazama nusu saa asichoke.

Samaki huyu anataka vitu vichache: mchanga laini wa kina cha sentimeta tano hivi, maganda ya konokono mengi kuliko idadi ya samaki, na sehemu ya chini ya tangi asiyoingiliwa. Tangi la lita 60 linamtosha dume mmoja na jike mmoja au wawili. Akiongezwa dume wa pili, ugomvi unaanza siku hiyo hiyo. Fahali wawili hawakai zizi moja, hata kama urefu wa fahali ni sentimeta tano.

Sasa nani awe mwenzake? Kanuni ni kumtafutia jirani asiyetaka anachokitaka yeye. Ikiwa tangi lina urefu wa sentimeta 90 au zaidi, upande mmoja ubaki mchanga na maganda, na upande wa pili yapangwe mawe yenye mianya. Kwenye mawe hayo wanaweza kuwekwa Julidochromis wadogo, jozi moja tu, ambao maisha yao ni ya mianya ya mawe na hawana haja na mchanga. Kila upande unakuwa na mwenyewe. Tangi likiwa refu zaidi, la sentimeta 120 na kuendelea, maji ya juu yanaweza kupewa kundi la Cyprichromis, samaki wembamba waogeleao kwa pamoja na ambao hawagombei ardhi. Hapo tangi linakuwa na orofa tatu na wapangaji wa aina tatu, na hakuna anayebisha hodi kwa mwenzake.

Wasiofaa ni wengi zaidi, na wengi wao wanavutia macho. Tropheus, ambaye wale wa Kasanga wanasifika kwa rangi zao, hula mwani juu ya mawe na ana utumbo mrefu wa mla majani. Akilishwa chakula kizito cha nyama kinachowafaa wenzake, huvimba tumbo na kufa. Tena ni mgomvi kwa ndugu zake, kwa hiyo hufugwa kwa kundi kubwa, 12 au zaidi, ili ugomvi ugawanyike, na kundi hilo halikai kwenye tangi dogo. Yule mwenye nundu kichwani na mistari ya buluu, Cyphotilapia, hufika sentimeta 30 na ziwani huwinda Cyprichromis wakati wa giza. Kuwaweka pamoja ni kumlisha kwa fedha za mteja. Neolamprologus pulcher ni mpole akiwa peke yake, lakini watoto wake wa kwanza hubaki kuwalea wadogo zao, ukoo unaongezeka, na baada ya miezi ukoo huo huwasukumia wengine wote kwenye kona. Gogogo wa madoa naye hutembea usiku, akila mayai na vifaranga wa majirani.

Hata miongoni mwa waishio kwenye maganda kuna hatari. Dume la Lamprologus callipterus ni kubwa mara nyingi kuliko jike lake, na kazi yake ni kukusanya maganda kwa mdomo na kuyarundika mahali pamoja kwa ajili ya majike. Akiwekwa na ocellatus, atabeba nyumba pamoja na mwenye nyumba.

Mkulima wa Ufipa anayechanganya mahindi na maharage katika shamba moja ameshaijua kanuni hii. Anachanganya kwa sababu moja huenda juu, jingine hukaa chini, na kila moja lina haja yake. Haingii shambani akachanganya mbegu kwa sababu rangi zake zinapendeza mkononi.

Maji kwanza, jirani baadaye

Kabla ya ugomvi kuna maji. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na yana alikali, pH yake ikiwa kati ya 8.5 na 9 hivi, na joto la maji ya juu ni nyuzi 24 hadi 27. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wakati ziwa liko chini ya mita 800. Usiku wa Juni na Julai baridi ya Ufipa huweza kushuka karibu na nyuzi 10. Samaki aliyetolewa Kasanga asubuhi na kuwekwa mapokezi Sumbawanga jioni, bila hita ndani ya maji, ataishi maisha mafupi hata akipewa majirani malaika.

Maji ya mvua na ya baadhi ya vijito ni laini. Yanaweza kuongezwa ugumu kwa kuweka mawe ya chokaa na maganda ya konokono ndani ya tangi au ndani ya chujio. Chokaa ya kupaka nyumba isitiwe kamwe, kwani hupandisha pH ghafla na kuua. Vipimo vya pH si ghali ukilinganisha na hasara ya samaki, na anayeuza samaki bila kipimo ni sawa na anayenunua mahindi bila mzani.

Jambo jingine ni kwamba katika maji yenye pH ya juu, amonia inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huwa na sumu kali zaidi. Kwa hiyo kujaza samaki wengi katika tangi la namna hii ni kosa mara mbili: wanagombana, na wanatiana sumu. Tangi jipya linahitaji wiki kadhaa ili bakteria wanaosafisha amonia wakue kwenye mchanga na chujio, kisha samaki waingizwe wachache wachache. Robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Waanze wanyonge, wajipatie makazi, na wagomvi waingie mwisho. Akiongezwa mgeni, mawe yapangwe upya ili kila mmoja aanze kutafuta mpaka wake sawa na mwenzake.

Kwa sababu ya maji haya, samaki wa ziwa hawafai kuchanganywa na wale wanaotoka maduka ya Dar es Salaam. Neon wa mito ya Amazon anataka maji laini yenye asidi. Samaki wa dhahabu anapenda maji ya baridi na hukua akazidi sentimeta 20. Hao wawili na ocellatus hawana maji ya kukutania. Lakini hapo pana fursa ambayo wafanyabiashara wa Sumbawanga hawana budi kuitazama: kwa mteja asiye na hita, au ambaye umeme wake si wa uhakika, samaki wa dhahabu ndiye anayeilingana na baridi ya Ufipa. Naye akae na wa aina yake tu, wenye umbo na mwendo unaofanana, kwani wenye mapezi marefu hushindwa kugombania chakula na wale wepesi. Muuzaji mwaminifu atamwambia mteja hivyo hata kama mteja alikuja akitaka wa ziwani.

Jina la kijiji ni mali

Upo upande mwingine wa suala hili ambao unawagusa moja kwa moja watu wa Nkasi na Kalambo. Samaki wa miambani hawasafiri mbali. Ufukwe wa mchanga ukitenganisha mwamba na mwamba, samaki wa huku na wa kule huishi maelfu ya miaka bila kukutana, na rangi zao hutofautiana. Ndiyo maana mnunuzi wa Ujerumani hataki Tropheus tu. Anataka wa Kasanga, au wa Ikola, na kila jina ni bidhaa yake.

Tropheus wa vijiji viwili wakiwekwa katika tangi moja, huweza kuzaliana. Watoto wao hawana jina. Si wa huku wala si wa kule, na mfugaji makini hatawanunua. Kwa hiyo kuchagua mwenza asiyefaa hakuui samaki tu, kunaua thamani. Anayekusanya samaki wa mwambao mzima katika pipa moja kwa sababu ni wa aina moja anafanya kama mfanyabiashara anayechanganya mchele wa Kyela na mchele asioujua ulikotoka, kisha akategemea bei ya Kyela.

Inafaa basi anayetaka kuingia katika kazi hii aifanye kwa mpangilio. Uzalishaji ufanyike chini, mwambaoni, ambako joto na maji ya ziwa yapo bila gharama, kila kijiji na samaki wake, kila tangi na maandishi yake. Juu, Sumbawanga, iwe soko na mahali pa kutoa huduma. Kuzalisha kunapunguza pia kuwategemea waliovuliwa, na jike wa ocellatus hutaga bila kubembelezwa akipata ganda na utulivu. Aidha, anayevua ziwani kwa biashara anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003, na kusafirisha samaki hai nje ya nchi kuna vibali vyake. Kazi ianzie kwa afisa uvuvi wa wilaya, si kwa mnunuzi anayekuja usiku na mifuko ya nailoni.

Muuzaji wa Sumbawanga naye auze seti badala ya samaki mmoja mmoja. Seti ya tangi la lita 60 iwe na watu wake, ya tangi la sentimeta 120 iwe na wake, pamoja na karatasi inayosema nani asiongezwe. Wapya watengwe wiki mbili au tatu kabla ya kuuzwa. Katika safari ya kupanda kutoka ziwani, kila samaki mkubwa mgomvi awe na mfuko wake, mifuko iwe na hewa nyingi kuliko maji, na makasha yafunikwe dhidi ya baridi ya mlimani. Mteja ambaye samaki wake wamedumu mwaka mzima atarudi kununua chakula, hita na chujio. Aliyezika wanne ndani ya wiki hatarudi, na atawaambia wengine.

Somo la bwawani na la Ziwa Viktoria

Wapo watakaosema haya ni mambo ya anasa, na kwamba mkulima wa Rukwa anahitaji samaki wa kula. Hoja hiyo ina uzito, lakini kanuni ni ile ile hata katika bwawa la nyuma ya nyumba. Perege wa jinsi zote mbili wakiachwa peke yao huzaana upesi, bwawa likajaa samaki wa ukubwa wa kidole wasiouzika. Kambare akiwekwa kwa idadi ndogo hula vifaranga hao na kuwaacha wakubwa wapate chakula. Huyo ni mwenza anayefaa, kwa sharti moja: aingizwe akiwa mdogo kuliko perege waliotangulia. Akiingia akiwa mkubwa, atakula mtaji wote. Samaki ni yule yule, bwawa ni lile lile, tofauti ni ukubwa na siku ya kuingia.

Kwa kiwango cha nchi, Afrika Mashariki imeshalipa ada ya somo hili. Sangara aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Katika miaka ya 1980 alienea kwa kasi, na furu wa aina nyingi mno wakapungua au wakatoweka kabisa. Viwanda vya minofu vilipatikana, ni kweli, lakini furu waliopotea hawarudi. Hiyo ndiyo sababu samaki wa mapambo aliyemchosha mwenyewe asimwagwe mtoni wala ziwani. Kijito cha Ufipa kinaishia Tanganyika au Rukwa, na huko hakuna kioo cha kumzuia.

Ufipa imekaa juu ya hazina ambayo wengine wameijua kwa nusu karne kwa majina ya vijiji vya Rukwa. Kushiriki katika biashara hiyo kunahitaji mtaji wa kiasi, leseni na uvumilivu. Lakini kunahitaji kwanza nidhamu ya kukataa kuuza samaki kwa mteja ambaye tangi lake lina jirani asiyefaa. Afisa uvuvi anayemfundisha mfugaji kuchimba bwawa amfundishe pia nani wa kuweka na nani wa kutoweka, na muuzaji amwambie mteja "hapana" kabla ya kupokea fedha yake. Mapato ya siku hiyo yatapungua, lakini mteja atabaki na samaki hai, na muuzaji atabaki na mteja.